Ukurasa wa Mzazi

Mimi ndiye niliyemfundisha mama yangu kulisha mzazi vibaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kazi kama yangu, tukipewa nafasi ya kukumbuka, huzunguka mno kabla ya kufika kwenye kosa. Tunausifia mlima, theluji yake na migomba yake. Mlima upo, haujaenda popote, na anayetaka kuuona na aje.

Nilikuwa msaidizi wa lishe kwenye zahanati moja huko Uru. Kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto kwenye mzani wa kuning'inia, kujaza kadi zao na kuwafundisha mama zao chakula. Tulichofundishwa chuoni kilikuwa kifupi na kizuri: kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kuulinda na vya kuutia nguvu, basi. Nilikuwa na bango la kitambaa ambalo mwenzangu wa chuo alinichorea kwa mkono, lenye maharage, ndizi, parachichi, yai, na jani la mboga ya mnafu ambalo wanawake walisema limefanana na tumbaku. Nilifundisha kila siku ya kliniki, nao waliketi kwenye mabenchi, watoto mapajani, wakiitikia, "Ndiyo, nesi." Sikuwa nesi, lakini sikuwasahihisha.

Nilikaa peke yangu kwenye chumba kimoja nyuma ya zahanati. Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa saa moja: unashuka bondeni, unavuka mto, unapanda. Ningeweza kulala nyumbani kila siku. Sikulala, kwa sababu mama alipenda kuwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake amepewa nyumba ya serikali, na mimi nikaona nisimharibie. Yeye hakujua jinsi nyumba ya serikali inavyokuwa kimya jioni, wagonjwa wakishaondoka. Nilikuwa nawasha redio hata kama siisikilizi.

Hiyo ndiyo miaka maduka ya mjini yalipoanza kujaa tena. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule anaelewa ninachosema. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni ya kukata kwa kisu, mara ukiingia kwa Mhindi pale karibu na soko unakuta rafu zimepangwa makopo mpaka juu, yanang'aa, na mwenye duka anatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyetuokoa. Majarini ya kopo ilirudi. Maziwa ya unga yalirudi. Ukaja uji wa boksi wenye picha ya mtoto mnene mwenye mashavu mekundu, rangi ambayo sikupata kuiona kwa mtoto yeyote wa Uru. Kwetu sisi kopo lile halikuwa chakula tu. Lilikuwa ushahidi kwamba shida imeisha.

Basi nikaitwa mjini kwenye kikao. Wakubwa wa lishe walitaka kuandika mwongozo wa chakula kwa akina mama, kitabu kidogo ambacho kila zahanati ingepewa, na walitaka sauti za watu wa vijijini. Mimi ndiye niliyekuwa sauti ya mlimani. Nilishona gauni kwa ajili hiyo. Tulikutana siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, chai kwa sambusa asubuhi, wali kwa kuku mchana, na kila mmoja wetu akapewa mkoba, kofia na mwavuli vyenye rangi za kampuni moja ya kutengeneza majarini na uji wa boksi. Kampuni hiyo, tuliambiwa, ndiyo iliyojitolea karatasi na uchapaji. Tulipiga makofi.

Siku ya kwanza nilipewa nafasi nizungumzie ukurasa wa mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Nilizungumza vizuri, siogopi kujisifu. Nilieleza kwamba kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe wala hapiki, na mama mkwe wake ndiye anayemlisha. Anampa mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni, umetiwa samli. Anampa mnafu, maziwa, na mlaso, ambao ni damu ya mnyama iliyopikwa na maziwa. Nilieleza kwamba mama mkwe huanza kuweka samli kwenye kibuyu tangu mimba ikiwa changa, na kwamba siku mzazi anapotoka kwenda kanisani kwa mara ya kwanza, watu hawamtazami mtoto kwanza. Wanatazama mikono na shingo ya mama yake, ndipo wajue mama mkwe ni mtu wa namna gani. Daktari aliyekuwa akiongoza kikao aliandika yote. Mtu wa kampuni, kijana nadhifu wa shati jeupe, aliuliza kwa adabu tu: na mwanamke wa mjini asiye na ng'ombe, yeye tumwambie ale nini? Swali la haki kabisa. Nikaketi.

Siku ya pili tulirudishiwa kurasa zetu zikiwa zimepigwa taipu. Kwenye ukurasa wangu samli haikuwepo. Mahali pake palikuwa na onyo kuhusu mafuta ya wanyama, na majarini ikawa imeingia kwenye mkate, kwenye uji, mpaka kwenye viazi. Mtori ulielezwa kuwa una maji mengi, afadhali uji wa boksi. Mlaso ulitajwa katika mila za kuachwa. Nilisoma mara mbili. Nakumbuka mkono wangu uliinuka, haukufika juu, ukaishia usawa wa sikio hivi, ndipo mtu akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Watu wakasimama. Nami nikasimama, nikachukua sahani. Baada ya kula ulikuwa wakati wa picha ya pamoja.

Kitabu kilipotoka kilikuwa kizuri mno, karatasi nzito, rangi tupu. Mwishoni walishukuru washiriki, na jina langu lilikuwa pale, langu na la baba, ambaye alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nilikipeleka nyumbani Jumapili. Mama hakujua kusoma. Alinitaka nimwekee kidole chake juu ya jina la mumewe, akakaa hivyo kwa muda, halafu akakifunga kitabu kwa kanga na kukiweka kwenye sanduku la vyeti vyetu vya ubatizo. Naomba hilo likumbukwe. Kilichomfanya mama akiamini kitabu hakikuwa majarini.

Mwaka uliofuata mke wa kaka yangu akapata mimba ya kwanza. Kaka alikuwa fundi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, na mkewe alikuwa mtu wa Kahe, mpole, anayecheka haraka. Kaka alimleta nyumbani ajifungulie mikononi mwa mama, kama inavyotakiwa. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Huyu ndiye mkamwana aliyekuwa amemsubiri tangu alipokuwa mkamwana yeye mwenyewe. Nilipofika siku moja nilimkuta anatikisa maziwa kwenye kibuyu, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyofaa kanisani, na pembeni kibuyu cha samli kilikuwa kimejaa nusu.

Tulizungumza Kichagga, lakini kwa Kiswahili ni hivi.

"Mama, hayo mafuta usimpe wifi."

"Mafuta gani?"

"Samli. Siku hizi tunasema si nzuri kwa mzazi."

"Bibi yako alinipa samli nilipokuzaa wewe."

"Najua, mama. Lakini wataalamu wamegundua."

"Wataalamu gani?"

"Tulikuwa kwenye kikao, mama. Imeandikwa kwenye kitabu."

Alikiweka kibuyu chini. "Kile chenye jina la baba yako?"

"Kile kile."

"Kaniletee," alisema. Nilimletea, akanitaka nimsomee ukurasa wote wa mzazi, polepole, nikimfasiria. Nilimsomea. Nilikuwa najua palipobadilishwa, kila neno, na nilimsomea kwa sauti ile ile ya kliniki. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu anayejua. Mtu anayekaa peke yake kwenye chumba nyuma ya zahanati anahitaji kitu, na mimi kitu changu kilikuwa hicho.

Mama akampa jirani yetu kibuyu cha samli, kwa kuwa naye alikuwa na mkamwana mjamzito.

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilipanga mlo mimi mwenyewe. Mkate wa majarini ya kopo, chai ya rangi, uji wa boksi, viazi. Wanawake wa jirani walipokuja kumwona mzazi na zawadi zao, walilikuta kopo juu ya meza limefunikwa kitambaa kilichofumwa, maana mama alikuwa akiliheshimu. Bibi mmoja alifunua, akanusa, akafunika, akaanza kuzungumzia mvua. Wifi hakulalamika. Alikula alichopewa, akazidi kuwa mwembamba, na kufikia wiki ya tatu maziwa yake yakawa haba. Nikasema mtoto aongezewe uji wa boksi kwa chupa, kwa sababu ukurasa uliofuata ulisema hivyo. Tumbo likaanza kumwendesha mtoto. Tulimkimbiza hospitali mjini, akalazwa na mama yake, na wenyewe kule wakamwokoa, Mungu awabariki. Mtoto alipona.

Lakini wifi hakurudi mlimani. Alitoka wodini akaenda moja kwa moja kwao Kahe, mtoto mgongoni, kabla hajamaliza hata mwezi mmoja na nusu mikononi mwa mama mkwe wake. Kwa mtu wa kwingine hilo ni safari tu. Kwetu ni sawa na kusimama sokoni na kutangaza kwamba mama mkwe hakukulisha. Na kama vile haikutosha, Jumapili ambayo wifi angetoka kwenda kanisani, alitoka mkamwana wa jirani. Shingo yake ilikuwa inang'aa, mikono imejaa, mtoto mzito kama gunia dogo la maharage. Watu walimtazama yeye, kisha wakamtazama mama yangu.

Tulipotoka misani mwanamke mmoja alimwambia mama njiani, waziwazi, "Kumbe wewe mzazi wako alikushinda."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika ule mkoba wa kikao. Mama alivuta kanga yake begani. "Ni kweli," alisema. "Sikumlisha vizuri."

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Nilitakiwa kusema: ni mimi. Maneno mawili. Sikuyasema, tukashuka kwenda nyumbani, na siku ile mama alipika ndizi kama kawaida, akanipakulia kwanza.

Kuanzia hapo kaka akawa anakuja Krismasi na mtoto tu, bila mkewe. Kila anayeujua mlima anajua Krismasi kwetu ni nini: watu wanapanda kutoka kila pembe, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbuzi anachinjwa, na asiyekuja anaulizwa kwa jina. Mama alikuwa akiuliza, "Mkamwana hajambo?" Kaka anajibu, "Hajambo, anakusalimu." Sote tulijua hakuna salamu iliyotumwa. Wifi akazaa wa pili kwao, akazaa wa tatu kwao, akalishwa na mama yake mzazi. Na mama yangu, mwanamke aliyekuwa na mikono ya kulisha kijiji, akawa anawalisha kuku.

Miaka ilikwenda. Kitabu kikaisha kwenye zahanati, hakikuchapwa tena, likaja bango jingine la kampuni nyingine. Nikafundisha na hilo. Siku hizi watu wanashangaa wakisikia kwamba ushauri wa chakula unaweza kuandikwa na anayeuza chakula. Mimi sishangai, nilikuwepo. Hakukuwa na mtu mbaya ukumbini. Kijana wa shati jeupe alikuwa mpole, daktari alikuwa amechoka, na karatasi nchini ilikuwa adimu. Kila mmoja alisogea kidogo tu.

Nilipokuwa na miaka thelathini na sita nikapata mimba. Baba wa mtoto alikuwa mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja na mizani yao biashara ilipofunguliwa. Alikuja misimu miwili, bei ikaanguka, na yeye akaanguka nayo, sijui wapi. Sikumtafuta. Nilijifungua mtoto wa kiume mjini, hospitali ya mkoa, nikarudi kwenye chumba changu nyuma ya zahanati siku ya tatu kwa gari la kubeba dawa.

Mwanamke asiyeolewa hana mama mkwe. Jambo hilo nililijua kwa kichwa, sikulijua kwa tumbo. Nililala pale na mtoto, nje nasikia wagonjwa wakipiga soga, na mwili wangu wote ulitaka kitu kimoja. Nilitaka mtori. Nilitaka ule mtori mzito wa nyama ya mifupa wenye samli inayoelea juu, mpaka nikawa naisikia harufu yake bila wenyewe kuwepo. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi kwamba ni maji tu. Nililia kwa sababu ya chakula, mimi, mtaalamu wa chakula.

Mama alifika siku ya tano. Nilisikia sauti yake nje ikisalimia, nikakaa sawa kitandani, na nakiri mate yalinijaa mdomoni. Aliingia, akamchukua mtoto, akamtemea mate ya baraka, akamwita kwa jina la baba yangu. Halafu akafungua kikapu. Akatoa mkate wa dukani. Akatoa kopo la majarini, jipya, bado lina karatasi. Akatoa boksi la uji. Alikuwa ameshuka mpaka mjini kununua na kupanda tena, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Nimeleta vya kitabu," alisema.

Nikasema, "Aika, mama. Asante." Akanikatia mkate, akaupaka kwa ukarimu, nikala mbele yake mpaka ukaisha. Aliniangalia mdomoni kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo. Nilijua kwamba nikisema neno moja, kwamba sitaki hiki, nitakuwa nimesema yote: kwamba ukurasa ule ulikuwa uongo na nilijua, na kwamba alibeba aibu ya kanisani na kumpoteza mkamwana kwa ajili ya mkono wangu ulioishia kwenye sikio. Basi nikala. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, nami nikala kila siku, na kati ya mama na mimi pale chumbani palikuwa na upweke ambao sijawahi kuuona hata nilipokuwa kweli peke yangu.

Aliyetufungua alikuwa mwanamke wa kliniki, mama wa watoto watano, ambaye nilikuwa nimempimia wote watano. Alikuja wiki ya tatu na chupa ya chai chini ya kanga, akachungulia kwanza kama mwizi.

"Shikamoo nesi. Najua nyinyi hamli, lakini nimeona nijaribu." Akafungua. Ulikuwa mtori. Nilikunywa bila kijiko, kwenye kifuniko, kimoja baada ya kingine, yeye akinitazama kwa mshangao unaoelekea kuwa kicheko.

"Kumbe!" alisema. "Na yale ya kitabu?"

"Wewe uliyafuata yale ya kitabu?" nilimwuliza.

Akacheka sasa, akaziba mdomo. "Nesi, usikasirike. Hakuna aliyeyafuata. Mama mkwe angenifukuza. Tulikuwa tunakuitikia tu. Ulikuwa unasema kwa bidii, binti wa watu, tukaona tusikuvunje moyo."

Alipoondoka nilikaa na chupa yake tupu. Miaka kumi nilikuwa nimefundisha mteremko mzima, na aliyenisikiliza alikuwa mwanamke mmoja.

Mama alipokuja mchana na mkate wake, sikumngoja aketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mtoto begani: kikao, samli iliyofutwa, mkono, wali kwa kuku. Nikamwambia kwamba siku nilipomsomea ukurasa ule nilikuwa najua. Yeye alikuwa anafunua mkate, akaendelea kuufunua mpaka mwisho, akakunja karatasi yake vizuri, maana alikuwa mtu asiyetupa karatasi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Wiki ya pili. Nimelishwa mimi, nikalea nyinyi wawili, nisijue maziwa yanayokauka?"

"Mama! Kwa nini hukunyamazisha mdomo wangu? Kwa nini hukuchukua sufuria ukapika?"

"Ningepika, wangesema kitabu cha mwanangu ni cha uongo. Na jina la baba yako limo." Akaketi, hatimaye, kwenye ukingo wa kitanda. "Nilidhani mkamwana atavumilia mpaka nitafute njia. Mtoto akaugua mapema."

"Na huu mkate? Siku zote hizi unaniletea huu mkate?"

"Nilifikiri wewe bado unaamini," alisema. "Ningeleta mtori ungejua kwamba mimi siamini."

Mama akatoka nje, nikamsikia akiomba jiko la mlinzi, akimtuma mtu ndizi, akigomba kwamba nyama haina mifupa. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimekula. Alingoja bakuli liishe. Kisha akasema kwa upande wake imetosha, lakini kuna mtu Kahe anayenidai ukweli, na si yeye mama wa kumwendea.

Nilikwenda mtoto alipotimiza miezi minne. Kahe ni joto, tambarare, mifereji ya maji kila mahali. Nilimkuta wifi uani anachambua vitunguu, amenenepa, binti yake wa kwanza, yule aliyelazwa, amekuwa mkubwa na anamsaidia. Nilimwambia wifi kama nilivyomwambia mama, sikupunguza. Hakuacha kuchambua.

"Mama alijua kosa ni la kitabu chako?" aliuliza.

"Alijua."

"Nilipotoka hospitali alinifuata mpaka getini. Nilimwambia amenilisha kama mtu asiyetaka niishi. Nilimwambia mbele za watu." Akachukua kitunguu kingine, akakitazama, akakiweka chini. "Hakujibu kitu, wifi. Alinipa tu kanga ya kumbebea mtoto."

Nikamwomba aje Krismasi. Alitikisa kichwa. "Zamani nilikuwa siji kwa hasira," alisema. "Sasa nitamtazamaje usoni?"

Na kweli Krismasi hiyo hakuja. Mama aliniuliza, nikamweleza kwamba safari hii ni aibu, na aibu yenyewe nimempelekea mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Siku ya pili ya Mwaka Mpya, asubuhi, nilimkuta amevaa kanga zake za kanisani na kufunga mzigo. Hakuwa amewahi kwenda mbali kupita mjini. Nikasema ngoja nijiandae, nimfunge mtoto, twende wote.

"Wewe baki," alisema. "Nakwenda kwa mkamwana wangu."

Nilibaki pale nyumbani na mtoto, nikawalisha kuku. Alikaa Kahe siku nne. Aliporudi alikuwa ameungua na jua na anaimba, na alipoona namtazama akanyamaza, akaniuliza kama mtoto amekula. Sikuambiwa walizungumza nini, hata leo, na wifi sasa huja kila Krismasi, wanakaa wawili jikoni wamefunga mlango, nami hubisha hodi kabla ya kuingia.